Risiti Amekuwa Mpole

Tulimwita Risiti kwa sababu alizaliwa
ndani ya kabati la vitabu vya chama,
hapa Newala, msimu ule bei ilipoanguka
na wakulima wakalala siku tatu nje ya ghala
wakingoja malipo yaliyokuwa "njiani".

Mimi ni karani wa mizani.
Kazi yangu ni kusoma mshale.
Kila gunia huja na maneno yake,
ubwiriunga, mvua ya mapema, ada ya mtoto,
na mshale hauna masikio.

Risiti alikuwa mwizi, nasema wazi.
Dagaa wa mlinzi Nampembe aliondoka nao na mfuko wao.
Usiku wa manane alilia juu ya bati
kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja.
Panya wa ghala walimjua kwa jina.

Basi mwezi wa sita, salfa ikipepea mashambani
na ukungu ukipanda kutoka Ruvuma hadi kizingitini kwetu,
akatulia.
Hakuiba. Hakulia. Bati likapumzika.
Nampembe akaacha dagaa wazi juu ya kreti, kumjaribu,
wakaamka asubuhi wote kamili, na macho yao.
"Amepata akili," akasema.
"Amekua," nikasema mimi.
Tukampongeza.

Nani humshuku aliyeacha usumbufu?

Bibi yangu Somoe, mwaka ule wa mwisho,
aliacha kwanza kudai ugoro.
Kisha akaacha kumtukana jirani.
Tukasema dua zimejibiwa.

Siku ya nne nikamkuta Risiti ndani ya karai,
lile la kufulia, maji yamebaki vidole viwili,
amekaa humo humo majini,
yeye ambaye hata umande huurukia.
Manyoya ya mgongo yamesimama vishungi vishungi
kama kichwa kisichoona kitana tangu msiba.
Hajajilamba. Siku ngapi? Sikujua.
Kwenye pembe ya jicho utando mweupe umetoka nusu,
pazia la nyumba ambayo mwenyewe hataki wageni.
Nilipomgusa akakoroma, ule mkoromo wa raha,
na mkono wangu ukatamani kuamini.

Nikampandisha kwenye mizani.
Mshale haukutikisika.
Ni mizani ya magunia, paka mzima haimwoni,
sembuse paka anayepungua.
Nikamnyanyua kwa mikono miwili, hii hii
inayolijua gunia lililotiwa mchanga
kabla halijagusa chuma.
Pungufu.

Bwana mifugo Chinduli alifika na pikipiki,
chupa ya dripu imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti
pamoja na kuku wa mtu.
Akavuta ngozi ya shingo, akaiachia.
Haikurudi. Ilibaki imesimama
kama kanga iliyokauka na wanga.
Akafunua mdomo: fizi zimepauka, rangi ya unga.
"Ameanza lini?"
Nilitaka kusema jana.
"Tangu alipokuwa mpole," nikasema.
Hakucheka.
"Na huko kukoroma si raha," akasema, akitafuta sindano,
"anajibembeleza."

Sindano ya kwanza hakushtuka.
Ya pili, kesho yake, alikunja sikio.
Ya tatu alimng'ata Chinduli kidole mpaka damu,
na mimi, Mungu anisamehe,
nikapiga vigelegele katikati ya magunia matupu
hata Nampembe akatoka mbio na rungu.

Leo amechana kitabu kipya, kurasa tisa,
kuanzia namba mia nne kumi na saba.
Mkaguzi atauliza.
Kwenye daftari la uharibifu, safu ya mwisho,
pale panapotakiwa sababu,
nimeandika kwa wino, herufi kubwa:
MZIMA.